Kupanda Nile Pamoja na Mama

Watu wengi wanaokwenda Misri hupanga safari kwa majina ya mahekalu. Karnak, Luxor, Edfu, Kom Ombo, Philae: kila jina lina uzito wake, na mimi pia nililipa nauli nikiyaota majina hayo. Lakini nikiulizwa leo nilipenda nini zaidi katika safari yangu ya kwanza ya meli ya utalii, nataja zile saa za katikati. Meli imeshaondoka gatini, hekalu linalofuata bado liko mbali, chai ya alasiri imeletwa sitahani, na Misri ya Juu inapita taratibu kulia na kushoto huku wewe umekaa tu, miguu umeinyoosha. Sijaona bado starehe ya kusafiri inayoifikia hiyo.

Njia yenyewe ni fupi. Kutoka Luxor hadi Aswan ni kilomita 220 hivi kwa mtoni, mwendo ambao gari huumaliza kwa saa chache. Meli hutumia usiku tatu au nne, ikisimama hapa na pale, wala hakuna anayeiharakisha. Meli hizi si yale majumba ya ghorofa kumi na tano yanayozunguka visiwa vya Karibiani. Ni pana na bapa, zenye ghorofa nne au tano, kwa sababu mto hauna kina kikubwa na kuna madaraja ya kupita chini yake. Juu kabisa kuna sitaha ya wazi yenye vivuli vya turubai, viti vya kuegemea na kidimbwi cha kuogelea. Biashara hii ina umri mkubwa. Mwaka 1869 Mwingereza Thomas Cook alileta Nile kundi lake la kwanza la watalii, na kampuni yake ikaja kutamba na stima zake mtoni kwa miongo kadhaa. Mwandishi Agatha Christie alipita huku mwaka 1933, akatoa riwaya yake ya Death on the Nile mwaka 1937, na moja ya stima za enzi zile, iitwayo Sudan, mpaka leo inachukua abiria.

Nilisafiri na mama yangu, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Mama ni mtu wa Mwanza, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Ameishi maisha yake yote akiliona ziwa kutoka barazani kwake, na kwa miaka mingi hakukanyaga chombo cha majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imeukaribia mji wa Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Kanda ya Ziwa kila mtu wa umri wake ana jina la kutaja. Mama alimpoteza rafiki yake wa tangu chuo cha ualimu, na kila ifikapo Mei huenda kusali kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu wale. Tangu hapo, akitaka kwenda Bukoba kwa dada yake alipanda basi, tena basi la kuzunguka Shinyanga na Kahama, ili asivuke hata kivuko cha Busisi.

Nilipomweleza habari za meli ya Nile nilikuwa na hakika atakataa. Aliuliza swali moja tu: "Kingo zote mbili zinaonekana?" Nikamwambia zinaonekana, mwanzo hadi mwisho. Akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akasema, "Mwanangu, mto ule nimeuchora ubaoni kwa chaki ya buluu miaka yote ile. Twende nikauone."

Pale Luxor meli hufungwa ubavu kwa ubavu, wakati mwingine tano au sita kwenye gati moja, kwa hiyo ili uifikie ya kwako unapita katikati ya kumbi za mapokezi za meli za wengine: zulia jekundu, marumaru, watu wanakunywa juisi, mlango, kidaraja cha mbao, zulia la buluu, watu wengine, mlango. Kwenye mlango wa kwanza na wa pili mama alinishika mkono. Kwenye wa tatu alishaanza kulinganisha mapazia. Chumbani, kabla hata ya kufungua begi, alifungua kabati kutafuta jaketi okozi. Yalikuwepo mawili, ya rangi ya machungwa, yamekunjwa vizuri. Akavaa lake, akafunga kamba zote, akasoma kwa sauti karatasi ya maelekezo iliyobandikwa nyuma ya mlango, mstari kwa mstari, akaniamuru nami nivae. Tulikaa kitandani tumevaa vile mpaka aliporidhika. Mhudumu wa vyumba aliyegonga kuleta taulo alitukuta hivyo hivyo. Alitabasamu, akapiga goti, akamwonyesha mama namna ya kukaza mkanda wa kiunoni. Ndiye huyo huyo ambaye kila tuliporudi kutoka matembezini tulikuta ametukunjia taulo kitandani kwa umbo la mnyama: bata maji, tembo, na siku moja mamba aliyevalishwa miwani ya mama ya kusomea.

Meli ilipoondoka mama alichagua kiti cha katikati kabisa ya sitaha, mbali na vyuma vya pembeni, akakaa ameshika mkoba wake mapajani. Muda ukapita. Kisha mdiria, yule mwenye mabaka meusi na meupe anayejaa kwetu Mwanza, Mwaloni Kirumba na Capri Point, alisimama hewani mbele ya omo, akapigapiga mbawa mahali pamoja, akajitupa majini na kuibuka na samaki. Mama aliinuka ili amwone vizuri. Akasogeza kiti chake pembeni, na hakukirudisha tena katikati.

Kutoka pale unayaona maji kwanza, mapana, ya kijani, yenye visiwa vya matete. Kisha ukanda wa mashamba: miwa, migomba, ngano, mitende. Ukanda huo mahali pengine ni mwembamba kiasi kwamba mtu mzima angeuvuka kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Halafu ghafla ni jangwa. Genge la mawe limesimama wima nyuma tu ya shamba la miwa, na huoni hata jani. Wanaume wanakata miwa na kuipakia kupelekwa viwanda vya sukari vya Edfu na Kom Ombo. Nyati wa kufugwa wamejichovya hadi shingoni. Wanawake wanasugua masufuria kwa mchanga. Watoto wanakimbia ukingoni sambamba na meli wakipunga mikono, na mama alimpungia kila mmoja, kundi baada ya kundi, kwa sababu, alisema, mwalimu hampuuzi mtoto anayemsalimia. Wavuvi wawili walikuwa ndani ya kimashua, mmoja akipiga kasia, mwenzake akiyachapa maji kwa gongo refu ili samaki wakurupuke waingie wavuni. "Katuli!" mama alipaza sauti, abiria wote wakageuka. Kwetu ziwani uvuvi huo umepigwa marufuku, na mama alitaka kujua serikali ya Misri inasemaje.

Tulipanda ngazi ndogo kwenda kwa nahodha. Mabaharia wa Nile wengi ni watu waliozaliwa kando ya mto, kazi wameirithi kwa baba na babu, na wetu alivaa kanzu na kilemba cheupe, amekaa kwenye kiti kirefu, birika la chai pembeni. Hakuwa na ramani mbele yake. Mama alimuuliza kwa ishara anajuaje mchanga ulipo. Alinyoosha kidole majini: pale panapong'aa na kukunjamana, kina ni kifupi; palipo na giza, pita. Kisha akaonyesha tanga la faluka moja, mashua ya mtoni, iliyokuwa ikitupita, akapuliza hewa mdomoni kuelekea kusini. Hapo nikaelewa jambo lililoijenga Misri ya kale. Mto unatiririka kwenda kaskazini, na upepo kwa sehemu kubwa ya mwaka unavuma kwenda kusini. Ukitaka kushuka, mkondo unakubeba. Ukitaka kupanda, unatweka tanga. Waandishi wa Mafarao, walipotaka kuandika safari ya kusini, walichora chombo kilichotandaza tanga lake.

Esna ndiko nilikocheka mpaka machozi. Mto umezuiwa pale kwa ukuta, na meli hupandishwa kupitia njia nyembamba ya zege yenye malango ya chuma mbele na nyuma. Meli mbili zinaingia, lango la nyuma linafungwa, maji yanajazwa, na meli zinanyanyuka polepole mpaka zilingane na mto wa upande wa juu. Kuna foleni, na wachuuzi wanaijua ratiba yake. Wanakuja kwa mashua ndogo za makasia, wanajifunga kwa kamba ubavuni mwa meli, wanasimama wima kwenye mawimbi na kuanza kufunua bidhaa: vitambaa vya meza, kanzu, mitandio, mataulo yenye picha ya Tutankhamun. Aliye juu akipepesa jicho tu, mzigo umesharushwa. Unaruka ghorofa nne ndani ya mfuko wa nailoni na kutua miguuni pake. Unafungua, unakagua, mnapatana bei kwa kupiga kelele. Ukiridhika unatia pesa ndani ya mfuko ule na kuutupa chini, usiporidhika unarudisha mzigo kwa njia ile ile. Uaminifu wa watu wale ulinigusa, maana mnunuzi angeweza kuondoka na kitambaa na meli ikaingia langoni.

Mama alikipenda kitambaa cha meza cha rangi ya zabibu. Alipatana kwa Kiswahili, akihesabu kwa vidole, na mchuuzi akajibu kwa Kiarabu, naye akihesabu kwa vidole. Bei ilishuka, ikakwama, ikashuka tena. Mwishowe mama alitia noti mfukoni, akafunga fundo, akaegemea chuma cha pembeni, nusu ya mwili wake ikiwa nje juu ya maji, akautupa. Nilikuwa nimemshika gauni kwa nyuma kwa mikono miwili. Mfuko ulitua katikati ya mashua, mchuuzi akaweka mkono kifuani akainama, na abiria wa meli ya pili wakashangilia.

Chakula nacho kina sehemu yake katika mapenzi yangu. Asubuhi kulikuwa na maharage ya ful yaliyochemshwa usiku kucha, ukiyapondaponda kwa mafuta, ndimu na bizari nyembamba, pamoja na mkate wa bapa wa moto. Jioni moja wapishi walileta bakuli la mchuzi wa kijani unaovutika, wenye harufu ya kitunguu saumu, wakauita molokhia. Mama aliuonja, akatua kijiko, akaonja tena. "Huu ni mlenda," akasema. Na kweli, mmea ni ule ule. Aliomba apelekwe jikoni, na wapishi, badala ya kukataa, walimpa aproni. Nilimwona kupitia dirisha la mlango akionyesha namna ya kutia karanga, na wapishi watatu wamemzunguka wakisikiliza.

Mahekalu nayo tuliyaona, na hayakutuangusha. Edfu, kwa mungu Horus, ujenzi ulianza mwaka 237 KK na kumalizika mwaka 57 KK, na kwa kuwa mchanga ulilifunika hekalu kwa karne nyingi, jengo limebaki zima kuliko karibu mengine yote. Kom Ombo kuna jumba la makumbusho lenye mamba waliokaushwa na kufungwa sanda, maana pale aliabudiwa Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba. Watalii wengi walitaka kupiga picha tu. Mama, aliyekulia mahali ambapo mamba ni habari ya msiba, alisimama kimya muda mrefu mbele ya kioo. Lakini tulichokitafuta hasa kilikuwa ng'ambo ya Luxor, katika hekalu la Malkia Hatshepsut. Kwenye ukuta mmoja imechongwa safari ya meli alizozituma nchi ya Punt, takriban miaka 3,500 iliyopita. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia. Meli zinapakiwa miti ya ubani ikiwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani wanapanda kamba za tanga, na chini ya meli mchongaji amewachora samaki mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, kila aina na mapezi yake. Ukitaka kujua watu walivyoipenda safari ya majini tangu kale, nenda kawatazame samaki wale.

Mwongozaji wetu, msomi kijana wa mambo ya kale, aliposikia tunatoka Mwanza alitangaza mbele ya kundi zima kwamba basi sisi ndio tunaowaletea maji. Watu wakapiga makofi. Mama alishukuru, kisha akasahihisha. Maji mengi yanayofika Misri, takriban asilimia 85, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Nile Nyeupe, inayotoka ziwani kwetu kupitia Jinja, hupoteza takriban nusu ya maji yake katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, yakienda hewani kwa mvuke. Alichora yote hayo mezani kwa kidole kilicholowa chai. Akafika kwa Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona ziwa kwa mara yake ya kwanza mwaka 1858 akiwa Mwanza. Akafika mkataba wa mwaka 1929, uliozibana nchi zilizotawaliwa na Waingereza zisiguse maji bila ridhaa ya Misri, na serikali ya Tanganyika huru iliyosema mwaka 1962 kwamba haifungwi nao. Nilidhani kijana ataudhika. Alivuta kiti, akamwomba arudie ile sehemu ya Sudd, na tangu saa ile hakumwita jina lingine ila ustadha.

Mmoja wa wahudumu wa mezani alikuwa Mnubi, wa jamii iliyopoteza ardhi yake kwa bwawa. Bwawa Kuu la Aswan, lililoanza kujengwa mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970, lilisimamisha ukuta wa kimo cha mita 111 na nyuma yake likatengeneza ziwa la kilomita 500 hivi linaloingia mpaka Sudan. Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa mwaka 1963 na 1964, wengi wakapelekwa eneo la Kom Ombo. Dunia nzima ilichangia kuyahamisha mahekalu ya Abu Simbel, yakakatwa vipande na kujengwa upya juu zaidi. Vijiji havikuwa na bahati hiyo. Bibi yake kijana yule alizaliwa katika kijiji ambacho sasa kiko chini ya maji, na mpaka anafariki alikuwa anaweza kutaja mitende ya baba yake mmoja mmoja. Mama alimsimulia jinsi alivyoona watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, yeye akiwa mwalimu mpya, na nyumba walizoziacha nyuma. Walizungumza kwa Kiingereza cha kuungaunga mpaka meza zote zikaondolewa vyombo. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Mafarao, na nashukuru kwamba meli ilinipa usiku ule pia.

Aswan mto unabadilika. Mawe meusi ya itale yanachomoza majini, visiwa vimejaa mitende, na juu ya kilima cha magharibi kuna kaburi la rangi ya waridi la Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, yule aliyepimwa kwa almasi jijini Dar es Salaam mwaka 1946 na ambaye ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga unaikumbuka sherehe yake. Aliupenda mji huu akiwa hai, na mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, naye alizikwa Aswan Februari 2025. Tulilitazama kutoka kwenye faluka. Ndiyo, mama alipanda faluka: chombo cha tanga moja, ubao wake wa pembeni uko shibiri chache kutoka kwenye maji, hakina injini. Baharia, kijana wa Kinubi, alipiga dufu akaimba, na sisi tukaitikia. Mama alichovya mkono majini mpaka kwenye kifundo akauacha humo.

Kwa msomaji anayeanza kujipanga: nenda kati ya Oktoba na Aprili, kwa sababu joto la Aswan wakati wa kiangazi halivumiliki. Tenga fungu la bakshishi mapema, maana mishahara ya wahudumu ni midogo na wanaitegemea. Ukipewa nafasi ya kuchagua, panda kutoka Luxor kwenda Aswan, siku zako mtoni zitakuwa nyingi kidogo. Na usijaze kila alasiri matembezi ya kulipia. Bakiza moja au mbili kwa ajili ya kiti cha sitahani.

Kitambaa cha rangi ya zabibu kimetandikwa sebuleni Mwanza na huondolewa mgeni akitaka kula. Desemba iliyofuata mama alikata tiketi ya Bukoba kwa MV Victoria, ile iliyokarabatiwa na kurudishwa ziwani mwaka 2020. Alikwenda peke yake, daraja la pili, usiku kucha. Asubuhi alinipigia simu kutoka Kemondo wakati mizigo inateremshwa. Jaketi okozi alikuwa amelikagua kabla meli haijaondoka, chai ilikuwa nzuri, na abiria wenzake wote wa sitaha ile walikuwa wameshasikia habari za Aswan.